Barua ya Nyuki

Ndugu msomaji, sisi tulio mjini, hata kama kazi yetu ni kubeba majalada kutoka chumba hiki hadi kile, huko vijijini tunahesabiwa kuwa wasomi, na kazi ya msomi ni kuandika barua. Nimekwisha andika barua za posa, za kuomba kazi, na moja ya kumwomba radhi mwalimu mkuu kwa niaba ya kijana aliyevunja dirisha la shule. Lakini barua aliyonitaka mjomba wangu niiandike mwaka juzi ilinikalia mezani miezi minne, nami nataka nikueleze kwa nini.

Mjomba anakaa katika kijiji kimoja mkoani Singida. Ni mrina asali tangu ujana wake, na mizinga yake ya magogo ameitundika katika pori lililo mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Miaka michache iliyopita tulikubaliana, yeye na mimi, tuongeze mizinga sita ya kisasa, ile ya masanduku yenye mfuniko wa bati. Fedha ilikuwa yangu ya likizo, kazi ilikuwa yake, na faida ilikusudiwa kumsomesha binti yake wa mwisho katika chuo cha uuguzi. Kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena kwenda porini kila mara, aliiweka mizinga hiyo juu ya vichanja ndani ya mkuza wa njia kuu ya umeme unaopita karibu na shamba lake. Mahali penyewe palikuwa pazuri kwa macho. Miti ilikuwa imefyekwa, na mvua ikinyesha kidogo tu, maua ya porini yanatandazika chini ya waya kama khanga iliyoanikwa.

Msimu wa kwanza makundi manne yaliingia. Msimu wa pili, mvua zilipokolea, yote manne yalihama, na masanduku yakabaki na masega makavu. Mizinga ya magogo kule porini haikuguswa. Mjomba hakuhitaji kufikiri sana. "Nyuki ni wale wale," aliniambia kwa simu, "maua ni yale yale, mvua ni ile ile. Kilichozidi ni waya." Akaniambia kuwa majirani zake watatu wamepatwa na hali hiyo hiyo, na kwamba mkutano wa kijiji umeafiki waandikiwe wenye waya barua ya kudai fidia. Mwandishi wa barua hiyo alikuwa amekwisha pendekezwa, nami sikuwa na haja ya kuuliza ni nani.

Sikuweza kuiandika. Si kwa woga wa wakubwa. Ni kwa sababu Bwana Nyuki wa wilaya alikuwa amefika pale kabla yangu na kutoa sababu zake, nazo hazikuwa za kupuuzwa. Alisema kuwa mkuza hauna kivuli, na bati lililo juani mchana kutwa huugeuza mzinga kuwa tanuri. Alisema miguu ya vichanja haikupakwa grisi, na sisimizi walikuwa wamekwisha jenga njia. Alionyesha mahali ambapo nyegere alikuwa amekwaruza. Akaongeza, kama kila mrina asali ajuavyo, kwamba nyuki wetu wa Afrika hawana subira: wakichokozwa, hufungasha na kwenda zao. Sasa niandike nini? Nikiandika kwamba ni waya, na mhandisi mmoja akaja na daftari lake akathibitisha kuwa ni bati na sisimizi, atakayeaibika mbele ya mkutano ni mzee wa miaka sabini, na siyo mimi niliye Dar es Salaam. Na nikikataa kuandika, hali huenda waya kweli umehusika, nitakuwa nimewanyima haki watu walioniamini. Ndipo nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba waya una mambo mawili, na watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, huyachanganya. Umeme wa majumbani mwetu hauendi upande mmoja kama maji ya mto. Ni msumeno: huenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde moja. Palipo na umeme huo hapakosi nguvu mbili zisizoonekana zinazouzunguka waya. Moja hutokana na msongo, nayo ipo hata kama hakuna taa hata moja iliyowashwa mwishoni mwa waya. Hiyo wataalamu huiita uga wa umeme. Nyingine hutokana na mkondo unaopita, kwa hiyo huongezeka jioni, wakati miji inapowasha taa na kupika. Hiyo ni uga wa sumaku. Ile ya kwanza huzuiwa kwa urahisi, hata bati au wavu wa chuma uliounganishwa na ardhi huweza kuikinga. Ile ya pili hupenya ukuta, hupenya mbao, hupenya mzinga, na dawa yake kubwa ni umbali tu. Kwa bahati njema zote mbili hufifia upesi kadiri unavyoupa waya kisogo.

Nilishika kalamu nikakabili dai jepesi kwanza. Mjomba alikuwa ametaka niandike pia kwamba ng'ombe hawapendi kulisha chini ya waya. Nilidhani ni chumvi ya mazungumzo, kumbe jambo hilo limewatoa jasho wataalamu wa Ulaya. Mwaka 2008 Sabine Begall na Hynek Burda, wa chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, pamoja na wenzao, walitazama picha zilizopigwa kutoka angani za ng'ombe 8,510 katika malisho 308 ya nchi mbalimbali, wakasema kuwa ng'ombe wakilisha au wakipumzika huelekea kujipanga kaskazini na kusini, kama sindano ya dira. Mwaka uliofuata walitoa taarifa nyingine kwamba mpangilio huo huvurugika karibu na waya za msongo mkubwa. Lakini mwaka 2011 wataalamu wengine walizihesabu picha zao wenyewe wasiuone mpangilio huo kabisa, na mabishano yakawa makali. Nikajisemea: ikiwa wenye picha 308 hawajaelewana, mimi mwenye neno la mjomba na ng'ombe wake kumi na mmoja nitasema nini? Nikayafuta ya ng'ombe.

Burda huyo, kwa njia ya kupita tu, ndiye aliyewashughulikia sana fuko wa Zambia, wale wanyama wachimbao mashimo na kula mizizi yetu ya mihogo. Mwaka 1990 yeye na wenzake walionyesha kuwa fuko, ambaye karibu haoni kitu, hujenga tundu lake upande maalumu kwa kuifuata sumaku ya dunia. Wataalamu hata wamelichukua neno hilo la Kibantu, fuko, wakalitia katika jina la kisayansi la jamii hiyo ya wanyama. Nilipomsomea mjomba habari hiyo alicheka kwa muda mrefu. Alisema amepambana na fuko miaka hamsini bila kujua kuwa anapambana na mwenye dira.

Nyuki ni habari nyingine. Hapo ndipo nilipokuta nyama ya jambo lenyewe.

Kwanza, hapana shaka kwamba nyuki huhisi sumaku. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani walionyesha kuwa ndani ya tumbo la nyuki wa asali mna chembe zenye usumaku. Kundi linapohamia katika mzinga mpya wa mviringo, ambamo hamna alama yoyote ya kulielekeza, huelekea kujenga masega yake kwa mwelekeo ule ule yaliyokuwa nao kule lilikotoka. Na mtu akiugeuza uga wa sumaku kwa vyombo, masega nayo hugeuka. Mjomba hakushangazwa na hilo. Alisema yeye hutundika gogo jipya kwa mwelekeo wa gogo la zamani kwa sababu baba yake alimwambia afanye hivyo, na hakupata kuuliza.

Pili, na hapa ndipo nilipoanza kuketi vizuri kitini, suala la mizinga chini ya waya limepimwa kwa vitendo. Mwaka 1981, katika jimbo la Illinois huko Marekani, Bernard Greenberg na wenzake waliandika matokeo ya kuweka mizinga chini ya njia ya umeme ya kilovolti 765, ambayo ni miongoni mwa njia zenye msongo mkubwa sana duniani. Makundi yaliyokuwa chini ya waya yaliongezeka uzito kidogo kuliko mengine, yaliziba milango ya mizinga kwa gundi kupita kiasi, na yalikuwa na matatizo ya malkia. Kadiri mizinga ilivyokuwa mbali na waya, ndivyo matatizo yalivyopungua. Kisha likaja jambo lililonifanya nisome ukurasa ule mara tatu: mizinga mingine ilikuwa papo hapo chini ya waya, lakini imefunikwa wavu wa chuma uliounganishwa na ardhi, na nyuki wake walikaa salama.

Wavu, ndugu msomaji! Wavu haukingi uga wa sumaku hata kidogo. Hukinga uga wa umeme peke yake. Kwa hiyo pale Illinois chembe za usumaku zilizo tumboni mwa nyuki hazikuwa na neno. Mwaka 1988 kundi lile lile la wataalamu lilieleza zaidi: kisa kikubwa ni vimshtuko vidogo vinavyompata nyuki anapogusa sehemu za mzinga zenye kupitisha umeme, na unyevu huongeza jambo hilo.

Niliposoma neno "unyevu" nilikumbuka kitu ambacho mjomba aliniambia tangu siku ya kwanza, nami nikakipitisha sikio hili kikatokea lile. Alikuwa amesema: "Lile bati, mjomba, asubuhi yenye umande, ukilishika linakutekenya." Nilidhani ni mapambo ya mzee anayetaka kesi yake ipendeze. Nilimpigia simu usiku ule ule. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwuliza: linatekenya vipi? Akasema kama mtu anayekupitishia unyoya kidoleni, na mara moja moja kama kuchomwa na mwiba wa mkakaya. Je, na kwenye magogo porini? Hapana. Je, wakati wa kiangazi? Kidogo sana. Basi mzee huyu, ambaye hajui kilovolti ni kitu gani, alikuwa amepima kwa kidole chake jambo ambalo mimi nililitafuta miezi miwili katika maandishi ya wageni, nalo alikuwa amenipa bure. Kipande cha chuma kilicho hewani chini ya waya mkubwa, bila kuunganishwa na ardhi, hupata msongo wake chenyewe. Mtu akikigusa hutekenywa. Nyuki anayetembea kwa miguu iliyolowa ana mwili mdogo kuliko kidole cha mjomba.

Lakini nisikimbilie kushangilia, kwa maana masomo ya karibuni yameurudisha uga wa sumaku mezani. Mwaka 2018 Sebastian Shepherd na wenzake wa chuo kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwaweka nyuki maabarani ndani ya uga wa sumaku wa mara 50 kwa sekunde. Walitumia viwango viwili: vile vinavyoweza kupatikana chini ya waya kwenye usawa wa ardhi, maikrotesla 20 hadi 100, na vile vya karibu sana na waya wenyewe, maikrotesla 1,000 hadi 7,000. (Sumaku ya dunia hapa kwetu ni maikrotesla thelathini na kitu, lakini hiyo imetulia, haiendi na kurudi.) Nyuki wale walijifunza harufu kwa shida zaidi, mruko wao ulibadilika, na safari zao za kutafuta chakula zikafanikiwa kidogo. Mwaka 2019 kundi hilo lilieleza pia kwamba nyuki walioathiriwa walikuwa wakali zaidi kwa nyuki wageni. Na mwaka 2023 wataalamu nchini Chile walilinganisha nguzo zenye umeme na nguzo zisizo na umeme, wakaona kuwa karibu na zile zenye umeme nyuki walitembelea maua kwa uchache, na mimea ikatoa mbegu chache.

Hapo sasa nikawa na waya mmoja wenye mashtaka mawili, na kila shtaka lina dawa yake. Tena waya wenyewe nao una wakili, ambaye ni jua, sisimizi na nyegere. Mtu anayetaka kusema kweli afanye nini?

Kilichonisaidia ni habari ya ndege, ingawa ndege hao wanahusika na umeme wa aina nyingine, wa marudio ya kasi kubwa mno kuliko huu wa waya zetu. Katika mji wa Oldenburg, Ujerumani, Henrik Mouritsen na wenzake waliona kuwa ndege wadogo wahamao, ambao popote pengine huonyesha upande wa safari yao hata wakiwa kizimbani, pale chuoni mwao walikuwa wakipotea kabisa. Wakazungushia vibanda vya mbao mabati ya aluminiamu na kuyaunganisha na ardhi; ndege wakapata dira yao. Wakakata kiungo cha ardhi, ndege wakapotea tena. Walirudia miaka saba kabla ya kuchapisha mwaka 2014. Na ili wasijidanganye, katika majaribio mengine waliowaangalia ndege hawakuambiwa ni kibanda gani kilichounganishwa na ardhi siku hiyo. Nilipenda sana jambo hilo la mwisho. Mjomba anautuhumu waya kwa sababu anaujua uko wapi, na Bwana Nyuki anautetea kwa sababu hiyo hiyo.

Basi nikaomba likizo ya siku nne nikaenda Singida. Mizinga mitatu tuliihamisha mbali, hatua mia tatu na zaidi kutoka kwenye mkuza, chini ya mkwaju. Mitatu tuliiacha pale pale, kwa idhini ya mjomba iliyotoka kwa tabu, lakini tuliipa kivuli cha makuti, tukapaka grisi miguu ya vichanja vyote sita, tukaifunika ile mitatu wavu wa kuku, na kuunganisha wavu na bati kwa waya hadi kwenye kigingi cha chuma kilichozama ardhini. Yote tuliyafanya kwa mikono mifupi, bila kusimamisha mlingoti wala ngazi, maana chini ya waya mkubwa mti mrefu mkononi ni kaburi. Mjomba akalishika bati kwa kidole asubuhi yenye umande. Akatulia. Akalishika tena. Halikumtekenya.

Majirani walikuja kutazama, na mama mmoja akaniuliza swali ambalo bila shaka nawe unalo: na watoto wetu je, wanaopita hapa kwenda shule? Nilimjibu nilichokijua. Kamati ya kimataifa inayoshughulikia mambo hayo iliweka mwaka 2010 kikomo cha maikrotesla 200 kwa raia, juu ya kile kinachopatikana kwa kawaida mtu akisimama chini ya waya. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka uga huu wa sumaku, mwaka 2002, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, kwa sababu ya dalili dhaifu zilizoonekana kwa watoto waishio miaka mingi penye uga mkubwa kuliko kawaida. Kupita njiani si kuishi. Kujenga ndani ya mkuza, hata hivyo, ni kosa, na yeye aliniambia kuwa wapo waliokwisha kujenga.

Barua niliiandika usiku wa mwisho, kwa taa ya mionzi ya jua, kwa sababu nyumba ya mjomba iko hatua mia mbili kutoka kwenye waya huo na haina umeme. (Hilo nalo alitaka niliandike. Nilimwambia ni barua nyingine, akasema kwake ni ile ile.) Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Haikudai fidia. Ilieleza makundi manne, tarehe za kuhama kama zilivyo katika daftari la mjomba, na kutekenya kwa bati. Kisha ikaomba mambo matatu: kwamba waje na kipimo wapime uga wa umeme na wa sumaku mahali mizinga ilipokuwa, kwamba watwambie kwa maandishi mzinga ukae umbali gani, na kwamba wasaidie gharama ya kuhamisha mizinga ya kaya zile nne. Mjomba aliisoma mara mbili, miwani ikiwa puani. "Mbona imepoa hivi?" aliuliza. Akatia sahihi, na chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza mstari kuhusu ng'ombe.

Mpaka naandika haya majibu ya barua hayajafika. Lakini mvua zilipoanza mjomba alinipigia simu. Mizinga miwili chini ya mkwaju imepata nyuki, na mmoja kati ya ile yenye wavu. Alitaka kujua hilo linathibitisha nini. Nilimwambia kuwa mizinga sita ni michache, kwamba kivuli na grisi tulivitia kote, na kwamba lazima tungoje tuone kama watakaa msimu wa pili, mvua zitakapokolea, kwani mara ya kwanza ndipo walipohama. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba chuo hakingoji msimu wa pili, na ada inatakiwa mwezi ujao. Nilituma nusu.